Naomba ushauri: skrini ya bluu INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE baada ya kubadili betri ya CMOS

Wakuu, laptop ya Windows 10 yenye SSD ya NVMe (diski ya kasi) imewekewa betri mpya ya CMOS (CR2032 ya waya, ile inayotunza mipangilio ya BIOS, programu ya kuwashia mashine). Tangu hapo kila ikiwaka inaleta skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kisha inajizima na kuwaka upya.

BIOS inaiona SSD. Ila nikiwasha kwa flashi ya Windows, diskpart (zana ya kusimamia diski) kisha amri ya list disk inaonyesha flashi peke yake. Nahisi BIOS ilirudi mipangilio ya kiwandani: SATA (namna mashine inavyowasiliana na diski) ikatoka hali ya AHCI kwenda RAID, na Windows iliyomo haipakii draiva ya Intel RST, inayohitajika ili ione diski kwenye RAID.

Nikirudisha AHCI inatosha? Na BitLocker (ya kufunga data ya diski kwa usimbaji), ambayo imewashwa, itadai ule ufunguo wa tarakimu 48? Kupiga Windows upya sitaki, data haina bekapu.