Mjadala: Studio ina haki ya kubadili hadithi ya manga?

MTOA MADA

Wadau, kabla ya yote: humu nitataja siri za Fullmetal Alchemist, Attack on Titan, The Promised Neverland na Oshi no Ko. Ambaye hajamaliza na hataki kuharibiwa uhondo, apite kwanza, atatukuta.

Swali langu ni hili. Kila anime, yaani katuni ya Kijapani ya kwenye skrini, inayorushwa kila wiki ina kundi linaloitazama na manga, kitabu cha vibonzo ilikotoka hadithi, mkononi. Mhusika akitamka neno ambalo halimo kitabuni, kelele. Tukio likisogezwa mbele kidogo, kelele zaidi. Kana kwamba kazi ya studio ni kupaka rangi michoro ya mtu mwingine basi. Mimi nasema studio ina haki ya kubadili, na baadhi ya mambo mazito kabisa tuliyowahi kuyaona kwenye anime yametokana na mabadiliko hayo.

Chukueni Fullmetal Alchemist. Hiromu Arakawa alianza manga yake mwaka 2001. Studio ya Bones ilipoanza kurusha anime mwaka 2003, hadithi ilikuwa bado mbichi, hivyo kwa ridhaa ya mwandishi anime ikashika njia yake. Sasa angalieni walichofanya kwa mhusika mmoja tu, Sloth. Kwenye manga ni jitu zito, vivu, linalochimba handaki chini ya nchi. Kwenye anime ya 2003, Sloth ana sura ya mama yao Edward na Alphonse, ndugu wawili ambao ndio wahusika wakuu. Kwa nini? Kwa sababu waandishi wa anime walijiuliza: wale watoto walipojaribu kumfufua mama yao wakashindwa, kile kiumbe kilichobaki sakafuni kiliishia wapi? Wakajibu kwamba kiliokotwa, kikalelewa, kikapata akili, kikarudi na nywele na sauti ya mama. Na ni Edward anayelazimika kummaliza. Hakuna ukurasa wa manga unaombana Edward namna ile, na naiheshimu sana manga.

Mwaka 2009 ikaja Brotherhood, sehemu 64, ikafuata manga hadi mwisho na kumalizika 2010, mwaka uleule manga ilipofungwa. Ni kazi kubwa. Lakini anayesema ile ya 2003 ilikuwa kosa lililokuja kusahihishwa, mimi namwomba aitazame tena.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umejichagulia mfano mtamu. Ngoja nikuletee mchungu.

The Promised Neverland. Msimu wa kwanza, 2019, sehemu 12: watoto wa kituo cha yatima wanagundua kwamba wanafugwa ili waliwe. Hakuna aliyelalamika. Msimu wa pili ukaja 2021, sehemu 11. Manga ilikuwa imeshaisha tangu Juni 2020, kwa hiyo usiniambie walikuwa wanamsubiri mwandishi. Wakairuka Goldy Pond yote, sehemu ndefu ya katikati ya manga. Yugo, yule mzee wa makamo mwenye hasira aliyewabeba wale watoto, hakuonekana kabisa. Na mambo yaliyobaki, ambayo yangetosha misimu kadhaa, yakamalizwa kwa picha za mnato zinazopita moja baada ya nyingine kwenye sehemu ya mwisho. Haki ya kubadili unayoitetea ndiyo iliyotufikisha pale.

Halafu kuna upande mwingine ambao mashabiki tunausahau: mwenye hadithi. Mwandishi Hinako Ashihara alikubali manga yake, Sexy Tanaka-san, iwe tamthilia ya televisheni mwaka 2023 kwa sharti kwamba ifuate alichoandika. Najua hiyo si anime, ni waigizaji, lakini jambo ni lilelile. Ilibidi mwishowe aandike mwenyewe sehemu mbili za mwisho. Januari 2024 alieleza hadharani jinsi makubaliano yalivyokuwa yakimponyoka, na kabla mwezi haujaisha akawa amefariki. Sisemi tumpe mtu lawama hapa. Nasema kila tunapoandika “studio ina haki”, tukumbuke kuna mtu aliyekesha miaka akiandika.

MTOA MADA

Ndugu yangu, kwa Ashihara sina ubishi hata chembe. Mwandishi akisema hapana, ni hapana. Naiweka hiyo kama sharti la kwanza la hoja yangu: haki ya kubadili inaanza pale mwandishi alipokubali, haianzi kabla.

Lakini The Promised Neverland nakataa kuiita mabadiliko. Kule walikata. Tuangalie kurudi kwa Norman. Ni mmoja wa wale watoto wa kituo. Msimu wa kwanza anaondoka na sanduku lake, rafiki yake Emma anajua anakwenda kufa, na sisi tunajua. Kwenye manga, mpaka Emma anamwona tena, ameshapita Goldy Pond, na Yugo na mwenzake Lucas wameshakufa wakiwalinda watoto. Emma amejifunza kuishi bila Norman. Ndipo mlango unafunguliwa na Norman yupo, hai, ila moyo wake umekuwa mwingine kabisa. Mgeuko wa kisa unauma kwa kadiri mtu alivyokwisha kukubali kwamba hautatokea. Anime ikamrudisha kwenye sehemu ya tano. Ya tano! Emma hajapata hata nafasi ya kumzoea marehemu wake. Tukio ni lilelile, mtu ni yuleyule, ila muda uliolipia lile tukio umefutwa.

Linganisheni na Reiner kule Attack on Titan, msimu wa pili, 2017. Wako juu ya ukuta, mkono wa Reiner umefungwa kitambaa, watu wamechoka, wengine wanazungumza mambo mengine kabisa. Reiner anamwambia Eren, mwenzake jeshini, kwamba yeye ndiye Titan mwenye deraya, mmoja wa majitu wanaopigana nayo, na mwenzao Bertholdt ndiye yule mkubwa kupita wote. Anasema kwa sauti ya mtu anayeulizia ratiba. Hakuna muziki wa kukuandaa, na kamera haimkimbilii usoni. Nusu ya watazamaji walirudisha nyuma kusikia kama wamesikia sawasawa. Mwandishi Hajime Isayama kwenye manga alikuwa ameificha kauli ile kwenye vichumba vidogo vya ukurasa, mambo ya kawaida tu. Watengenezaji wa anime wangeweza kushindwa kujizuia wakaweka ngoma na radi. Wakajizuia. Muziki wanauachia baadaye, wale wawili wanapogeuka majitu, na hapo ndipo unalipuka. Huo ndio uaminifu ninaoutaka mimi: waelewe tukio linafanya kazi vipi, kisha watumie vifaa vyao.

Na hadithi hiyohiyo ilibadilishwa penye haja. Sura ya mwisho ya manga ilitoka Aprili 2021, na pale Armin anapomshukuru rafiki yake Eren kwa kuwa muuaji kwa ajili yao, wasomaji wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Anime ilipofika pale Novemba 2023, mazungumzo yale yaliandikwa upya, Isayama mwenyewe akishiriki. Armin hashukuru tena namna ile. Anajihesabu kuwa mshiriki wa dhambi na anasema motoni watakuwa pamoja. Mwandishi alipewa nafasi ya pili na akaitumia. Mnaotaka anime ifuate mstari kwa mstari, mngemnyima hiyo?

MCHANGIAJI WA PILI

Samahani naingilia. Mnabishana kuhusu kubadili, wakati kwa miaka mingi ugonjwa wa anime ulikuwa kuvuta muda. Kwenye Naruto, Sasuke anaondoka kijijini, rafiki yake Naruto anampoteza, sehemu ya 135. Kutoka hapo hadi ya 220 karibu yote ni fila, kujaza tu, ili manga isogee mbele. Kwenye Dragon Ball Z, adui Frieza alisema sayari italipuka baada ya dakika tano na sisi tukakaa wiki na wiki tunasubiri hizo dakika. Hakuna aliyebadili hadithi hapo, na bado hadithi iliumizwa.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba wameanza kujifunza kupumzika. Bleach ilisimama 2012 ikiwa na sehemu 366, manga ikaisha 2016, anime ikarudi 2022 na vita vya mwisho, kwa vipande vyenye mapumziko katikati. Na mwandishi wake, Tite Kubo, akaitumia nafasi ile kuongeza yale ambayo manga haikuyaonyesha. Bankai (nguvu ya juu kabisa ya upanga) ya mhusika Senjumaru, kwa mfano, kwenye manga hatukuiona. Hata One Piece, ambayo tangu Oktoba 1999 ilikuwa karibu kila wiki ipo, ilipumzika miezi sita kuanzia Oktoba 2024, na studio yake, Toei, wametangaza kwamba kuanzia 2026 hazitazidi sehemu 26 kwa mwaka. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko vita vyenu vya nani kabadili nini. Studio isiyokimbizwa haina haja ya kukata wala ya kujaza.

MCHANGIAJI WA TATU

Kaka zangu, nina swali moja. Chainsaw Man ya 2022 ilifuata matukio ya manga karibu yote. Mbona ndiyo iliyogawa watu vibaya? Mkurugenzi Ryu Nakayama aliipa utulivu wa filamu: mwanga hafifu, sauti za chini, mhusika Aki anaamka asubuhi na kujitengenezea kahawa taratibu. Mimi niliipenda asubuhi ile kuliko mapigano. Wengine wakasema manga ina vurugu na kichaa, na hapa vimepoozwa. Filamu ya mwendelezo, ya Reze, ya 2025 ikaja na mkurugenzi mwingine, Tatsuya Yoshihara, ikawaka rangi na kelele, na wengi waliolalamika wakaridhika. Hadithi haikubadilika popote. Kwa hiyo hao wanaodai “fuata manga”, wanataka ifuate nini hasa: matukio, au ile hali mtu aliyokuwa nayo akisoma peke yake? Kwa sababu hiyo ya pili kila msomaji ana yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, swali lako ni zito na sina jibu la kukutosheleza. Mimi nikisema “ifuate” namaanisha matukio na sababu za matukio. Rangi na sauti nawaachia wenyewe.

Mtoa mada, umenisogeza kidogo kwa Attack on Titan, sikatai. Lakini Sloth wako alikuja wakati hakukuwa na mwisho wa kufuata. Nipe hadithi iliyokwisha fungwa. Oshi no Ko: manga imeisha Novemba 2024, msimu wa tatu wa anime ulianza Januari 2026. Mwishoni Aqua, mhusika mkuu, anajichoma kisu na kuzama baharini na Kamiki, adui aliyekuwa akimsaka. Wasomaji wengi waliuchukia mwisho ule. Studio yake, Doga Kobo, wakifika pale, wafanye nini? Usizunguke.

MTOA MADA

Sizunguki. Aqua afe.

Hadithi ile ilianza kwa Ai, mama yake Aqua, kuchomwa kisu mlangoni pake, na kijana yule amekua na jambo moja tu kichwani. Ukimwokoa utakuwa umeifanya sehemu ya kwanza, zile dakika 90 za Aprili 2023, kuwa kiini macho. Sitaki hilo.

Ninachotaka kibadilishwe ni Ruby, dada yake Aqua, mwimbaji. Ameshampoteza mama, sasa anampoteza kaka, na kaka huyo, katika maisha yake ya kabla ya kuzaliwa upya, ndiye daktari aliyemlilia maisha mawili. Manga inampa kurasa chache za huzuni kisha tunamkuta jukwaani. Hapo ningewapa Doga Kobo sehemu nzima, hata mbili, ambamo hakuna kesi, hakuna kisasi, hakuna wimbo mpya. Ruby yuko ndani, simu inaita, wenzake Kana na Mem wanakuja na kuondoka. Kisha ndipo aimbe. Mwandishi Aka Akasaka aliandika kwamba Ruby alinyanyuka. Sikuona kwenye manga alinyanyukaje, na anime ina dakika za kutosha kunionyesha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hizo dakika nakupa. Ila Akasaka aulizwe kwanza, na akisema hapana, tunautazama mwisho wake kama alivyouandika.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ningempa Ruby sehemu tatu.