Mrejesho: hati ya kiapo iliyosainiwa nyumbani

Ndugu zangu, niliuliza kama hati ya kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli) iliyosainiwa nyumbani, kisha ikapelekwa kwa wakili Kampala kugongwa mhuri tu, inafaa. Haifai. Ilibidi kuapa upya.

Kiapo huliwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeruhusiwa kisheria kuapisha watu: anakagua kitambulisho, unaapa, unasaini akikuona, ndipo naye anasaini. Katika kesi ya Kakooza John Baptist dhidi ya Tume ya Uchaguzi, rufaa ya mwaka 2007, Mahakama ya Juu ilikataa viapo vya watu ambao hawakufika mbele ya kamishna.

Chini ya hati lazima pawe na mahali na tarehe ya kuapa. Ndipo wengi wanapoteleza. Viambatisho vipewe herufi, A, B, C, kila kimoja na mhuri wake, vifungwe pamoja na hati. Pini peke yake ni kujitafutia balaa. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, na hilo liandikwe. Kamishna asiwe wakili wako katika shauri hilohilo.

Nakala za kutumika ng'ambo ni kazi ya notari, wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati: azilinganishe mwenyewe na hati asilia, halafu zipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje, mwisho ubalozi husika.