Tupeane uzoefu: katuni ya Back to the Future ilikuponza vipi?

Mtoto wa Deki (mleta mada)
Wakuu, jana napanga kabati la marehemu mzee nikakuta mkanda wa VHS, juu nimeandika kwa mkono wangu "KATUNI USIFUTE". Nikacheka peke yangu. Sisemei zile filamu tatu, nasema ile katuni ya CBS ya Jumamosi asubuhi iliyoanza Septemba 1991. Doc, yule mwanasayansi, keshatulia mjini Hill Valley na mkewe Clara, wale watoto Jules na Verne, mbwa Einstein, halafu DeLorean, gari lao la kusafiri kwenye wakati, inajikunja inakuwa begi la mkononi! Kama ilikuponza, tiririka.

Kibaraza
Chai. 1991 uliiona wapi? Bara hatukuwa na kituo cha TV mpaka 1994.

Mtoto wa Deki
Mzee alikuwa masomoni Marekani, mkuu. Punguza jazba.

Forodhani Jioni
"Hatukuwa" semeni nyie wa bara. Zanzibar TV ya rangi ilikuwepo tangu miaka ya sabini.

Kibaraza
Haya, wameanza.

Mama Wawili
Mie kaka alituletea mkanda Dar mwaka 93. Tukaingiza kwenye deki, picha nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama inakimbia polisi. Mifumo ya picha haikuoana, Marekani NTSC, sisi PAL. Tuliitazama hivyohivyo mpaka mwisho, shingo zinapanda na picha. Hadi leo sijui gari la Doc lina rangi gani.

Bint Chumbageni
Mama Wawili umenitonesha. Ngoja niseme, mama hayumo humu.

Tulikuwa Houston, Marekani, mimi nina miaka tisa. Mama mdogo akaolewa Tanga, mama hakupata nauli ya kwenda. Mkanda wa harusi ukaja na msafiri, umefungwa ndani ya kanga, saa tatu nzima za harusi. Baba akaweka, chenga tupu. Akasema utatafutiwa deki inayogeuza mifumo, akauchomeka chini ya TV. Mimi nilichoelewa ni kwamba mkanda ni mtupu.

Jumamosi mikanda yangu imejaa. Nikauchukua ule. Kile kidude cha nyuma kilikuwa kimevunjwa usirekodiwe, nikaziba tundu kwa selotepu kama nilivyomwona baba akifanya. Jumamosi nne, vipindi vinne, na matangazo yake.

Siku baba anaazima ile deki, mama alipika pilau, akaita majirani wa Mombasa na mmoja wa Bujumbura. Kajifunga kanga mpya, leso ya machozi mkononi. Baba akabonyeza. Akatokea Christopher Lloyd mwenyewe, yule Doc wa kwenye filamu, nywele zimesimama, anaeleza sayansi. Pembeni yule Bill Nye anafanya majaribio kimya, hasemi neno. Kimya sebuleni. Mama akauliza taratibu, "Huyu mzungu ndiye kadhi?"

Nilijua nimekwisha.

Walisogeza mbele, wakasogeza. Harusi ilitokea mwishoni kabisa, dakika kama 12. Bibi harusi keshaondoka. Wageni wananawa mikono, babu anawamwagia maji kwa birika, kaipa kamera mgongo, kanzu imelowa upindo. Mama hakunipiga. Kila nikiingia sebuleni namkuta anatazama ule mgongo.

Mpiga Debe Mstaafu
HUYU MZUNGU NDIYE KADHI 🤣🤣 nimemwaga chai

Forodhani Jioni
Pole sana dada. Babu alikuwepo bado ulipokwenda Tanga?

Bint Chumbageni
Hapana.

Kibaraza
Hapa nimeufyata. Ila kwa faida ya wengine, sauti ya Doc kwenye katuni ni huyohuyo Lloyd.

Nati na Bolti
Si kweli mkuu. Lloyd anatokea kama mtu tu, mwanzo na mwisho wa kipindi. Sauti ya Doc wa kuchorwa ni Dan Castellaneta, yule wa sauti ya Homer Simpson. Marty, yule kijana rafiki wa Doc, ni David Kaufman, wala si Michael J. Fox wa kwenye filamu. Biff, yule mbabe, na Clara ndio walibaki na waigizaji wao wa kwenye filamu.

Kibaraza
Nilisema nijibiwe?

Mpiga Debe Mstaafu
Umesema "kwa faida ya wengine" 😂

Siki na Magadi
Mimi nilijifanya Bill Nye. Siki ya mama, magadi ya maharage, chupa ya soda, kizibo nikakigongelea kwa kisigino. Dari bado lina alama. Maharage yakapikwa bila magadi, tukala saa nne usiku.

Mama Wawili
Mleta mada, ule mkanda kama una ukungu uweke kwenye mchele siku mbili.

Nati na Bolti
Mchele ni wa simu iliyolowa! Usiuweke kwenye deki kabla hujaufungua ukaukagua. Au achana nao, 2015 vilitoka kwenye diski vipindi vyote 26.

Forodhani Jioni
Muanike juani kidogo.

Nati na Bolti
MSIANIKE MKANDA JUANI.

Siki na Magadi
Mama yangu alianika wetu. Ukajikunja kama dagaa.

Mtoto wa Deki
Wakuu mmechelewa. Nimeshauingiza, deki imeutafuna, utepe umetoka nje kama tambi. Nani ana bisibisi ya nyota, nipo Tabata?

Mpiga Debe Mstaafu
Segerea hapa. Nakuja nayo, ila pilau iwepo.