Visa ya mtoto wa kuasili imekwama: wanataka ushahidi wa miaka miwili, na majina hayalingani

Mama Shangani

Habarini za Kusini, ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaozijua karatasi hizi.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni raia wa Marekani, tunaishi hapa Mtwara mjini mwaka wa saba huu. Tumemuasili mtoto wa kiume, anakaribia miaka 9, kwao ni Newala. Mtiririko uko hivi:

Kibali cha malezi ya kambo kupitia Ustawi wa Jamii: 3 Februari 2023.
Amri ya kuasili, Mahakama Kuu Mtwara: 17 Juni 2024.
Mume wangu kuwasilisha fomu I-130 ya mtoto (ombi la raia wa Marekani kwa ajili ya ndugu wa familia): 10 Machi 2025.

Sasa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wametuma barua ya kutaka ushahidi zaidi. Wanataka mambo matatu. Kwanza, tuonyeshe tumekuwa na ulezi wa kisheria wa mtoto na kuishi naye miaka miwili. Pili, tueleze kwa nini kadi ya kliniki inasema Bakari na cheti cha kuzaliwa kinasema Issa. Tatu, tarehe ya kuzaliwa kwenye amri ni 12/3/2016 lakini kwenye cheti ni 3/12/2016. Cheti chenyewe kilisajiliwa 2022. Mwisho wa kujibu ni 28 Novemba 2025.

Jambo jingine, kuanzia Agosti 2023 hadi Januari 2024 mume wangu alikuwa kwao kikazi, mimi na mtoto tulibaki hapa. Kuna anayetuambia tutume kwanza barua ya mahakama, mengine yafuate. Ni sawa?

Mzee wa Ligula

Dada, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakalowaumiza: msitume kidogokidogo. Barua ya namna hiyo hujibiwa mara moja tu, vitu vyote ndani ya bahasha moja au upakiaji mmoja wa mtandaoni. Ukituma karatasi moja leo, wanahesabu umeshajibu, na wanaamua kwa walichonacho mkononi. Tarehe ya mwisho nayo haisogezwi, hata ukiwaandikia kwamba mahakama iko likizo.

Sasa hesabu. Miaka miwili inatazamwa ilivyokuwa siku mlipowasilisha ombi, siyo leo. Kutoka 3 Februari 2023 hadi 10 Machi 2025 ni miezi 25 na siku chache. Ukiondoa miezi mitano ambayo mume wako hakuwepo, unabaki na 20. Hapo ndipo afisa aliposhtukia. Ulezi wa kisheria na kuishi pamoja ni masharti mawili, kila moja linataka miaka miwili yake, japokuwa yanaweza kukimbia sambamba. Habari njema ni kwamba miezi inajumlishwa. Ukikatika katikati huanzi sifuri, unaendelea ulipoishia. Na muda wa kabla ya amri ya mahakama unahesabika pia, mradi mtoto alikuwa kwenu kwa idhini ya mahakama au mamlaka halali ya serikali.

Hapo kwenye "mamlaka halali" ndipo kibali chenu cha malezi ya kambo kinapopata thamani. Barua ya mtendaji wa kata ya kukabidhi mtoto haitoshi. Hati ya kiapo ya mjomba kwamba "nimemkabidhi mtoto kwa fulani" haitoshi kabisa. Kanuni zao zinataja wazi kwamba kiapo cha namna hiyo si ulezi wa kisheria. Chukueni nakala ya kibali iliyothibitishwa, na muombe Ustawi wa Jamii barua fupi inayosema: kibali kilitolewa na nani, kwa sheria ipi, kilianza tarehe gani, na kiliendelea bila kufutwa hadi siku ya amri. Ambatanisheni kurasa za Sheria ya Mtoto ya 2009 zinazohusu malezi ya kambo. Afisa wa kule hajui Ustawi wa Jamii ni nini. Msipomwonyesha sheria ataona ni barua tu yenye muhuri.

Wakikikataa kibali, hesabu inaanza 17 Juni 2024, maana yake miaka miwili inatimia 17 Juni 2026. Jueni hilo mapema.

Nachingwea Yetu

Mzee wa Ligula, shikamoo. Naongezea kwenye hiyo miezi mitano. Kwenye sheria yao "kuishi" ni mahali ambapo kwa kweli ndipo makazi makuu ya mtu yalipo. Mtu akisafiri kikazi huku nyumba yake, familia yake na kibali chake cha ukaazi viko Mtwara, inawezekana kujenga hoja kwamba hakuhama. Kwa hiyo msiikubali ile 20 bila kupigana. Wekeni:

mkataba wa nyumba unaofunika kipindi chote, wenye jina lake;
kibali chake cha ukaazi na kurasa zote za pasipoti zenye mihuri, ya kutoka na ya kurudi;
mkataba wa hiyo kazi ukionyesha ilikuwa ya muda, na tiketi ya kurudi kama ilikatwa mapema;
miamala ya kutuma pesa ya ada na matumizi ya mtoto katika miezi hiyo;
fomu ya shule yenye jina lake kama mzazi, kadi ya bima, daftari la kliniki;
barua ya serikali ya mtaa ikitaja nani wanaishi kwenye nyumba hiyo na tangu lini.

Barua ya mtaa isiwe ile ya mistari miwili ya "namtambua kuwa mkazi wangu". Itaje majina matatu ya kila mtu na tarehe.

Hata hivyo, mimi nisingeweka mayai yote hapo. Leo ukihesabu kutoka Februari 2023 mmeshapita miezi 30, na hata ukitoa ile mitano mmevuka 24. Kwa hiyo ombi jipya la I-130 likiwasilishwa sasa halina tatizo la hesabu, mradi kibali cha kambo kikubalike. Ada ya kwanza hairudi, lakini kuliondoa ombi la zamani, au hata kukataliwa, hakuzuii kuomba upya. Mkiomba upya jazeni kweli sehemu inayouliza kama mliwahi kuwasilisha ombi la mtoto huyu. Wanaliona kwenye mfumo wao.

Kuhusu umri, tulieni. Sharti ni mtoto awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na wenu alishaasiliwa.

Chikundi Stendi

Majina na tarehe niachieni mimi, maana huku kwetu ni ugonjwa wa kudumu. Mtoto anazaliwa zahanati anaandikwa Bakari, anapelekwa jandoni anatoka Issa, shule inamwandikisha Issa, na cheti cha kuzaliwa kinakuja kusajiliwa mwishoni kwa jina la shule. Kwa Mmakonde, Mmwera au Myao hapo hakuna cha kueleza. Kwa afisa aliyekaa Marekani hao ni watoto wawili, na cha kwanza anachowaza ni kwamba mtoto amebadilishwa.

Andaeni hati za kiapo mbili, kutoka kwa watu wawili tofauti ambao si wewe wala mume wako. Mmoja awe alikuwepo au alijua kuzaliwa kwake: bibi, mkunga, shangazi. Mwingine awe anajua jando lenyewe. Mjomba anafaa sana, kwa sababu kwetu ndiye anayesimamia. Kila hati ieleze mtu huyo anamfahamu mtoto kivipi, alizaliwa lini na wapi, aliitwa nani, jina lilibadilika mwaka gani na kwa nini, na imalizie kwamba Bakari na Issa ni mtu mmoja. Waape mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo cha "ninathibitisha majina yote ni yake" bila maelezo hakisaidii kitu.

Kwa sababu cheti kilisajiliwa miaka sita baada ya kuzaliwa, wanataka pia karatasi za zamani kuliko cheti. Kadi ya kliniki ndiyo dhahabu yenu, msiifiche kwa kuwa ina jina jingine. Ongezeni rejista ya shule yenye tarehe ya kuandikishwa, na cheti cha madrasa au cha ubatizo kama kipo.

Tarehe: 12/3 na 3/12 ni kosa la mkono, na dawa yake ipo. Wakili wenu aombe Mahakama Kuu isahihishe kosa la uandishi chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Hamfungui kesi upya. Lakini kagueni kwanza kosa lilianzia wapi: kama lipo kwenye hati mliyopeleka mahakamani, au kwenye ripoti ya Ustawi, lisiporekebishwa huko nako litajitokeza tena. Amri ikishasahihishwa, ifuatilieni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu Rejista ya Watoto Walioasiliwa inajazwa kutoka kwenye amri. Mkisahihisha amri na kuiacha rejista, mmehamisha tatizo tu.

Na nyinyi wenyewe, kwenye fomu za Marekani mwezi unatangulia siku. 3 Desemba inaandikwa 12/03/2016. Angalia isije ikawa mume wako alijaza sahihi kwa mtindo wao, na mtu wa huku akanakili amri kutoka kwenye karatasi yake.

Tafsiri: kila kilicho kwa Kiswahili kiende na tafsiri kamili ya Kiingereza, mihuri na maandishi ya pembeni yote. Mtafsiri aandike chini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, aweke jina, sahihi, tarehe na anwani. Si lazima awe mtafsiri wa mahakama. Lakini asiwe wewe.

Mama Shangani

Asanteni sana. Ni kweli, kosa la tarehe lilitoka kwenye ripoti ya Ustawi, nimeangalia sasa hivi. Maswali matatu ya kumalizia. Mama mzazi wa mtoto alifariki kijijini na tuna kibali cha mazishi tu. Tuhangaikie cheti cha kifo? Pasipoti ya mtoto tuombe sasa? Na je, visa yangu mimi ikitoka, mtoto haingii humohumo?

Mzee wa Ligula

La tatu kwanza: haingii. Mke wa raia na mtoto wa raia kila mmoja anakuwa na I-130 yake na faili lake. Hakuna kumbeba mwingine mgongoni.

Cheti cha kifo: kwa njia hii ya I-130 hamtakiwi kuthibitisha kwamba mtoto ni yatima. Anayetakiwa hivyo ni anayetumia I-600, fomu ya kuasili yatima, ambaye pia lazima awe na tathmini ya familia kutoka wakala mwenye ithibati ya Marekani. Ukiisoma mitandaoni utachanganyikiwa, maana wanaongelea njia zote tatu kwa pamoja, pamoja na ile ya I-800 ya nchi za Mkataba wa The Hague, ambamo Tanzania haimo. Cheti cha kifo ni kizuri kuwa nacho, ila kisiwacheleweshee majibu ya Novemba.

Pasipoti isubiri cheti kutoka Rejista ya Walioasiliwa chenye tarehe iliyosahihishwa. Ukiitoa leo kwa taarifa za zamani utalipia mara mbili. Na kwa mtoto wa Newala, Uhamiaji wanaweza kuuliza asili ya wazazi, kwa sababu ya jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Wekeni tayari cheti cha kuzaliwa au namba ya NIDA ya ndugu wa damu wa mama yake.

Nachingwea Yetu

Nyongeza ndogo, Mama Shangani. Msikimbilie vipimo vya daktari wa ubalozi kabla ya kupangiwa mahojiano. Majibu yake kwa kawaida hudumu miezi sita, na visa haipewi muda unaozidi hapo. Faili likisuasua mnarudia. Mtoto wa umri wake atapimwa damu ya kifua kikuu, na chanjo zitaangaliwa zote, kwa hiyo ile kadi ya kliniki yenye jina la Bakari mtaihitaji tena. Cheti cha polisi hakihusu, ni kwa wenye miaka 16 na kuendelea. Pia someni tangazo la ubalozi siku hiyohiyo kabla ya kulipia chochote, maana tamko la Rais wao kuhusu nchi fulani linaweza kusimamisha hata visa za watoto.

Chikundi Stendi

Na ombi la kusahihisha amri lipelekwe mahakamani wiki hii. Likichelewa kupangwa, tumeni kwenye majibu nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa, pamoja na ripoti ya Ustawi iliyosahihishwa. Si sawa na amri mpya, ila inaonyesha kosa liko wapi na linashughulikiwa.