Nimeitwa kurudia mtihani wa tabia kwa karatasi, Kisumu. Nisaidieni

NyarKondele: Wadau, usingizi umenipotea. Niliomba kazi ya karani wa stoo, wakanitumia mtihani wa tabia kwa simu: sentensi 120, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Nikapita. Sasa Jumatatu nauandika tena kwa karatasi, msimamizi akiwa chumbani. Wa karatasi ni mgumu zaidi?

Mzee wa Bonde: Binti yangu, sisi tulipimwa kwa kazi. Naivasha, shamba la maua, nyapara alinipa ndoo mbili za maji nizunguke nazo. Sikumwaga. Jioni nikaandikwa.

Mwalimu Milimani: Maswali yakiwa yale yale, alama za skrini na za karatasi hukaribiana. Tofauti hapa ni msimamizi. Waajiri wengine hurudia ili wajue aliyejibu nyumbani ndiye huyu aliyekuja. Dada, ule wa kwanza ulijibu mwenyewe?

NyarKondele: Alijibu binamu yangu. Nilikuwa sokoni Kibuye nampimia mama omena kwa gorogoro, na muda ulikuwa unaisha. Lakini wenyewe waliandika hakuna jibu sahihi wala la makosa, sasa nimeiba nini? Ana picha za majibu yote. Nayakariri, nimefika la 74.

Mama Ahero: Mwanangu, riziki ya uongo haikai tumboni. Tubu kwanza.

Mwalimu Milimani: Kukariri kutakuponza. Sentensi zaweza kupangwa upya, na jambo moja huulizwa mara mbili: "napanga vitu vyangu", mbele kidogo "naacha vitu ovyo". Hata MMPI, mtihani wa tabia wa Marekani wa 1943, ulikuwa na kipimo cha kunasa wanaokana kasoro ndogo ambazo kila mtu anazo. Jibu kama wewe.

Boda Kakamega: Ngojeni. Mwezi jana huyu aliandika hapa kwamba anauza mitumba Eldoret. Leo omena Kibuye? Hadithi ya kutunga hii.

Mzee wa Bonde: Eldoret sehemu gani? Nina ndugu pale sokoni.

NyarKondele: Sijatunga. Kibanda nilikifunga mama alipougua, nikarudi nyumbani. Binamu yangu ni mtu wa watu, akaandika napenda kuongoza kikundi. Mimi napenda kukaa na daftari langu, nihesabu magunia kimya. Hiyo ndiyo kazi niliyoomba. Mwalimu, namba ya afisa wa ajira ninayo. Nikimpigia kesho nikasema ukweli, watanifuta? Zile picha bado ziko kwenye simu.