Metadata (taarifa za ziada) za kwenda sambamba na mtiririko: ID3, DATERANGE au WebSocket?

kinanda_huru
Wakuu, natengeneza pleya ya redio na video mubashara kwa HLS (njia ya kurusha mtiririko kwa vipande vifupi vinavyopakuliwa kimoja kimoja). Nataka jina la wimbo, picha ya msanii na matokeo ya mechi yabadilike kwenye skrini wakati uleule mtu anapoyasikia au kuyaona. Kuna alama za ID3 (taarifa fupi zinazopachikwa) ndani ya vipande, tagi ya EXT-X-DATERANGE (inayotaja kipindi cha muda na taarifa zake) kwenye orodha ya vipande, na WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya seva na pleya) pembeni. Mngechukua ipi?

nahodha_wa_seva
WebSocket peke yake hapana. Ujumbe unafika papo hapo, picha haifiki papo hapo. Vipande vikiwa vya sekunde 6, pleya ya HLS kwa kawaida huanzia vipande vitatu nyuma, yaani kama sekunde 18. Skrini inaandika 1–0 huku mpigaji ndiyo kwanza anaweka mpira kwenye nukta ya penalti! Na kila mtazamaji amechelewa kivyake, kwa hiyo huwezi kukadiria muda mmoja ukawafaa wote.

Zuhura_K
Naunga mkono. WebSocket ibaki kwa kura na maswali, pale mtazamaji anapotakiwa kujibu. Jina la wimbo liweke kwenye ID3: alama inasafiri ndani ya mtiririko ikiwa na muda wake, hivyo mtu akisitisha au akirudisha nyuma, inamfuata. Kwenye kivinjari cha Safari inajitokeza kama TextTrack (mkondo wa maandishi unaoenda na video) ya aina ya metadata, unasikiliza tukio la cuechange tu, linalotokea alama inapofikiwa.

fundi_mitambo
Ila ID3 ikishaingia kwenye kipande, ndiyo imetoka. Jina la msanii likikosewa, kosa linabaki hadi kwenye rekodi. DATERANGE ni mstari wa maandishi, rekodi unairekebisha kirahisi. Tena pleya inausoma kabla haijapakua kipande chenyewe, ndiyo maana kwa mapumziko ya matangazo ya biashara siibadilishi kwa chochote. Inabeba hata ishara za SCTE-35, zile zinazoonyesha matangazo yanapoanza na kuisha. Usisahau EXT-X-PROGRAM-DATE-TIME, tagi ya tarehe na saa halisi ya kipande, ni lazima iwemo.

Zuhura_K
Hilo la makosa lina dawa, fundi. Usiandike jina ndani ya ID3, andika kitambulisho tu, kwa mfano `wimbo:48213`. Pleya ikikutana nacho inaiuliza seva jina na picha. Kosa unalisahihisha kwenye hifadhidata, vipande huvigusi.

redio_kijijini
Na sisi wa Icecast (seva ya redio ya mtandaoni)?

nahodha_wa_seva
Mnayo StreamTitle, sehemu ya kuandika jina la wimbo. Inapachikwa kila baada ya idadi fulani ya baiti, ile inayotajwa na icy-metaint kwenye jibu la seva, na bloku moja haizidi baiti 4080. Kwa jina la wimbo inatosha kabisa. Kwa matokeo ya mechi nisingeitegemea.

kinanda_huru
Basi nyimbo na matokeo nayapeleka ID3 kwa kitambulisho, matangazo DATERANGE. Asanteni sana. Baadaye nitaongeza DASH (njia nyingine ya kurusha kwa vipande), nitaanza upya?

fundi_mitambo
Hapana mkuu. Hamia vipande vya fMP4 (MP4 iliyokatwa vipande, inayotumika HLS na DASH), ID3 hiyohiyo uiweke ndani ya kisanduku cha emsg, sehemu ya kipande inayobeba ujumbe. Tumia toleo la 1 la emsg, linaloshika muda wa mtiririko wenyewe. Toleo la 0 linahesabu kuanzia mwanzo wa kipande.