Naomba ushauri: saa ya Omega Speedmaster ya zamani, niichukue au niagize mpya?

MpendaSaa_Kla: Habari zenu ndugu. Nipo Kampala, nakusanya saa za mkono za zamani, nyingi ni Seiko. Lakini tangu ujana moyo wangu uko kwa Omega Speedmaster. Sasa familia moja Entebbe inauza ya marehemu baba yao, aina 145.022, kwa shilingi milioni 17. Haina boksi wala karatasi. Kioo kina mikwaruzo, na alama za usoni zimeiva rangi ya chai ya maziwa. Kwangu huo ndio uzuri wenyewe! Wanasema ndiyo aina ile ile iliyovaliwa mwezini, kwa hiyo hawapunguzi. Pesa ninayo, si ya mkopo.

MzeeWaJinja: Mwanangu, habari ya mwezi isikupandishie bei. Saa za wanaanga Armstrong, Aldrin na Collins mwaka 1969 zilikuwa na mashine namba 321. Hiyo 145.022 ina mashine 861. Ni Speedmaster halali na nzuri sana, ila si ile ile. Nenda na fundi saa unayemwamini, kifuniko cha nyuma kifunguliwe mbele yako. Wakikataa kufungua, rudi nyumbani.

Boda2Boda: Milioni 17 mwingine anaanzia msingi wa nyumba.

MpendaSaa_Kla: Ni kweli kaka, na ada za watoto nimeshalipa. Hii nimeiwekea akiba kwa miaka.

BintiWaArua: Kaka, ingia nayo chumba chenye giza. Saa za miaka ile zilipakwa tritiamu, kitu kinachowaka gizani. Chini kabisa usoni utaona herufi T pande zote mbili za SWISS MADE. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ya miaka ya 70 imeshazimika. Ukiona inawaka usiku kucha, imepakwa upya au uso umebadilishwa, na thamani imeshuka. Halafu chukua lenzi: katikati ya kioo cha asili, ambacho ni cha plastiki, kuna nembo ndogo mno ya Omega. Mikwaruzo isikutishe, plastiki hung'arishwa. Bodi, yaani kasha la saa, ndiyo usiiguse! Kona za pale mkanda unaposhikia zikisuguliwa hazirudi.

MzeeWaJinja: Na mpya, inayokuja na mashine 3861 tangu 2021, bei yake iko juu zaidi ya hiyo. Ukiiagiza, ongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18.

MpendaSaa_Kla: Nimerudi. Fundi ameifungua: mashine ya rangi ya shaba, 861 imeandikwa wazi, haina kutu. Gizani haikuwaka, herufi T zote mbili zipo. Kioo hakina nembo, kimewahi kubadilishwa, na hapo ndipo waliposhuka hadi milioni 15 na nusu. Nimelipa, tumeandikiana mbele ya mashahidi. Ninaijaza ufunguo kila asubuhi, nasikia raha isiyo kifani! Swali moja: fundi anataka kuiwekea akrabu mpya.

BintiWaArua: Hongera sana! Akrabu zibaki zile zile. Mwambie aifungue, aisafishe, atie mafuta, abadilishe mpira wa kifuniko, basi. Na usioge nayo, hata kama nyuma imeandikwa nini.

MzeeWaJinja: Chochote atakachotoa akurudishie, hata skrubu. Tuma picha.